Uraibu wa dawa za kutuliza maumivu

Uraibu wa dawa za kutuliza maumivu ni ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe kujizuia kutumia dawa kali za maumivu, hasa zile za jamii ya afyuni kama mofini, kodeini, tramadoli, petidini na oksikodoni, hata pale anapoona wazi kwamba zinamdhuru. Heroini hununuliwa mitaani na anayeinunua anajua ni dawa ya kulevya. Dawa hizi, kinyume chake, mara nyingi huanzia mikononi mwa daktari: baada ya upasuaji, ajali ya pikipiki, maumivu ya mgongo au saratani. Ndiyo maana mgonjwa mwenyewe, familia yake na hata wahudumu wa afya huchelewa kuutambua uraibu huu.

Mtu aliyezoea dawa hizi akiziacha hupatwa na mateso ya mwili na akili ambayo mitaani Tanzania na Kenya huitwa arosto. Arosto ya afyuni inatesa sana, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida ni nadra kuua. Kinachoua zaidi ni kurudia dozi ya zamani baada ya siku au wiki chache za kuacha, wakati mwili umekwisha kupoteza uwezo wake wa kuihimili. Sehemu kubwa ya ushauri wa wataalamu kuhusu kuacha dawa hizi inatokana na jambo hilo moja.

Dawa zinazohusika

Dawa za maumivu si za aina moja. Parasetamoli, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hazileti uraibu unaoelezwa hapa. Zina madhara yake: parasetamoli ikizidi huharibu ini, na ibuprofeni au diklofenaki zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Tena, mtu anayemeza dawa za kichwa kama parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Akiacha, kichwa humuuma zaidi kwa siku kadhaa, kisha hupoa. Hilo ni tatizo la kweli na limeenea, ila si uraibu wa afyuni.

Dawa za jamii ya afyuni zilipata jina kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni, uliotumika kutuliza maumivu tangu zamani za kale. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga kutoka utomvu huo kemikali aliyoiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki, ndiyo mofini. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet alitenga kodeini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi, jambo linaloonyesha jinsi mstari kati ya dawa ya hospitali na dawa ya kulevya ulivyo mwembamba. Baadaye zilikuja dawa zilizotengenezwa maabara bila kuhitaji mmea wenyewe: petidini, methadoni, fentanili ambayo nguvu yake ni mara 50 hadi 100 ya mofini, na tramadoli iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977.

Kodeini inahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu hujificha. Imo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi na katika vidonge vinavyochanganya kodeini na parasetamoli. Asiyesoma maandishi madogo ya boksi anaweza kuitumia kwa miezi mingi akidhani anameza parasetamoli tu.

Jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini

Ubongo, uti wa mgongo na utumbo vina vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali. Mwili hutengeneza kemikali zake za kutuliza maumivu, endofini, ambazo hushika vipokezi hivyo. Dawa za afyuni hushika mahali hapohapo, lakini kwa nguvu kubwa kuliko endofini za kawaida. Maumivu hupungua, wasiwasi hutulia, na kwa baadhi ya watu huja raha ambayo ubongo huiweka katika kumbukumbu.

Dawa ikiingia kila siku, mwili hujirekebisha. Vipokezi huitikia kidogo, na dozi iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena. Wakati huohuo zile sehemu za mwili zilizotulizwa huongeza juhudi zake ili kazi iendelee. Katika shina la ubongo, kwa mfano, kuna seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouweka mwili macho na tayari kwa hatari. Dawa huzikandamiza, nazo hujibu kwa kusukuma zaidi. Dawa ikiondolewa ghafla, msukumo wote huo hubaki bila kizuizi.

Kwa kuelewa hilo mtu anaweza kuzitaja dalili za arosto bila kuzikariri, kwa sababu karibu zote ni kinyume cha kazi ya dawa. Dawa hufunga choo. Arosto huleta kuhara. Dawa hubana mboni za macho zikawa kama ncha ya sindano, arosto huzitanua. Dawa hulaza, arosto humnyima mtu usingizi. Dawa huondoa maumivu. Katika arosto hata mifupa isiyo na ugonjwa huuma.

Utegemezi na uraibu

Maneno haya mawili hutumiwa kama kitu kimoja, na kosa hilo limewaumiza wagonjwa wengi. Utegemezi wa mwili maana yake ni kwamba mwili umezoea dawa na utalalamika ikiondolewa. Unaweza kumpata mtu yeyote anayetumia dawa za afyuni kila siku kwa wiki kadhaa, hata kama anafuata maagizo ya daktari kikamilifu. Mgonjwa wa kifafa naye hawezi kuacha dawa zake ghafla bila kudhurika, na hakuna anayemwita mraibu.

Uraibu ni zaidi ya hapo. Mtu anashindwa kudhibiti matumizi, anatamani dawa kwa nguvu isiyomwacha afikirie mengine, na anaendelea kuitumia huku kazi, masomo, ndoa au afya vikiharibika. Mama anayetumia mofini kwa saratani ya shingo ya kizazi, anayeweza kuamka, kupika na kuongea na wajukuu kwa sababu ya dawa hiyo, ana utegemezi lakini hana uraibu: dawa inampanulia maisha. Kijana aliyevunjika mguu mwaka jana, mfupa ukapona, lakini bado anauza vitu vya nyumbani ili anunue tramadoli, ana uraibu: dawa inambania maisha. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani huorodhesha vigezo 11 vya ugonjwa huu na kutaka angalau 2 vionekane ndani ya miezi 12. Mwongozo huohuo unasema kwamba kuzoea dozi na kupata arosto havihesabiwi kwa mgonjwa anayetumia dawa chini ya uangalizi wa daktari kama alivyoandikiwa.

Kutambua dalili

Dalili za mwilini zinajulikana: mboni ndogo sana hata kwenye giza, kusinzia mtu akiwa amekaa au katikati ya maongezi, kujikuna, choo kigumu kinachodumu, kukosa hamu ya chakula, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Kwa wanawake hedhi huweza kuvurugika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake kuthibitisha jambo. Mwanafunzi anayesinzia darasani huenda alikesha akisoma, au amelala njaa.

Dalili za mwenendo husema zaidi. Dozi ya mwezi inaisha kwa wiki mbili. Mgonjwa anadai vidonge vimepotea, vimelowa, vimeibwa, na sababu zinabadilika kila mara. Anakwenda zahanati mbili au tatu bila kuziambiana, au anapita duka la dawa moja hadi jingine akitafuta muuzaji asiyeuliza cheti. Dawa ya kikohozi ya mtoto inapungua wakati mtoto hakohoi. Fedha zinapotea, simu inauzwa, marafiki wa zamani wanaachwa. Anapoulizwa, hasira inakuja haraka kuliko jibu.

Kwa mgonjwa mwenyewe kuna swali moja linalosaidia kuliko orodha yoyote: leo natumia dawa hii kwa sababu ya maumivu, au kwa sababu ya kuogopa hali itakayonipata nisipoitumia? Mtu anayeamka alfajiri akiwa na mafua, jasho na wasiwasi, kisha vyote vikaondoka nusu saa baada ya kidonge, hakuwa na mafua.

Jambo la kutatanisha ni kwamba matumizi ya muda mrefu huweza kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi kuliko mwanzo. Mgonjwa huongeza dozi kwa nia njema kabisa, na maumivu huongezeka nayo. Hapo daktari anapaswa kuangalia kama ugonjwa umeendelea, au kama dawa yenyewe ndiyo imekuwa sehemu ya tatizo.

Neno teja, linalotumiwa mitaani kumwita mraibu, ni la dharau, na lina madhara ya vitendo: mtu anayeogopa kuitwa hivyo hamwambii muuguzi ukweli kuhusu vidonge anavyomeza, na muuguzi asiyejua ukweli anaweza kumpa dawa itakayomdhuru.

Arosto: inaanza lini na inakwisha lini

Kwa dawa zinazofanya kazi kwa muda mfupi, kama kodeini, petidini au mofini ya kawaida, arosto huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 4 hadi 10. Kwa methadoni, inayokaa mwilini muda mrefu, huanza polepole zaidi, kati ya saa 12 na 48, na huweza kudumu siku 10 hadi 20.

Huanza kama homa ya mafua: miayo isiyokwisha, macho kutoa machozi, pua kutiririka, jasho na vinyweleo kusimama. Kisha huja maumivu ya misuli na mifupa, tumbo kusokota, kutapika, kuhara, moyo kwenda mbio, miguu isiyotulia kitandani, na hamu kubwa ya dawa. Usingizi hukatika kabisa kwa usiku kadhaa, na wengi husema hilo ndilo lililowashinda. Baada ya wiki ya kwanza mwili hutulia, lakini usingizi mbovu, uchovu na moyo mzito huweza kuendelea kwa wiki au miezi. Mtu asipoambiwa hili mapema, hudhani ameshindwa, kumbe anapona.

Tramadoli ina tabia yake. Mbali na kushika vipokezi vya afyuni, hubadilisha pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, kwa namna inayofanana na dawa za sonona. Kwa hiyo baadhi ya watu wanaoiacha hupata wasiwasi mkali, kuchanganyikiwa, ganzi au kuona vitu visivyokuwepo. Katika dozi kubwa tramadoli yenyewe huweza kuleta degedege.

Wapo watu wasiopaswa kujaribu kuacha nyumbani peke yao. Wa kwanza ni mjamzito: arosto ya ghafla huweza kumdhuru mtoto tumboni au kuharibu mimba, na tiba inayopendekezwa kwake ni methadoni au buprenofini chini ya uangalizi, si kuacha kwa nguvu. Wengine ni wenye ugonjwa wa moyo, wanaotumia tramadoli kwa dozi kubwa, wenye mawazo ya kujiua, na wanaochanganya dawa za maumivu na pombe au vidonge vya usingizi kama diazepamu. Kwa hawa wa mwisho hatari ni kubwa, kwa kuwa kuacha ghafla pombe au diazepamu, tofauti na afyuni, kunaweza kuua moja kwa moja kwa degedege.

Kukabiliana na arosto

Adui wa kwanza ni kupoteza maji. Kutapika na kuhara kwa siku tatu humkausha mtu, na vifo vichache vinavyotokana na arosto yenyewe, vikiwemo vya mahabusu walioachwa bila huduma, vimetokea kwa njia hiyo. Mgonjwa anywe maji yenye ORS kidogokidogo mara nyingi, hata kama anatapika sehemu yake, pamoja na uji mwepesi, supu au maji ya madafu. Akishindwa kabisa kubakiza maji tumboni, mkojo ukawa wa rangi nzito au ukakatika, au akizunguzungukwa kila anaposimama, apelekwe kituo cha afya kupata maji kwa mshipa.

Maumivu ya misuli hupunguzwa na parasetamoli au ibuprofeni kwa dozi ya kawaida, na maji ya moto ya kuoga husaidia kuliko wengi wanavyotarajia. Loperamidi hutumika kwa kuhara, lakini isizidi kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, kwa sababu ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Hospitalini daktari anaweza kutoa klonidini, dawa ya shinikizo la damu inayotuliza zile seli za noradrenalini. Hupunguza jasho, wasiwasi na mapigo ya moyo, lakini hushusha shinikizo, hivyo hupimwa kwanza. Kutafuta usingizi kwa pombe au kwa diazepamu ya kuazima ni njia ya kupata tatizo la pili.

Familia nyingi hufikia uamuzi wa kumfungia mgonjwa chumbani mpaka arosto iishe. Nia yao inaeleweka, na ni kweli kwamba baada ya siku kumi mwili hautadai tena dawa kama mwanzo. Lakini kilichotibiwa hapo ni utegemezi. Uraibu bado upo, na mlango ukifunguliwa mtu hutoka akiwa na hamu ileile na mwili dhaifu usioweza dozi ileile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wafungwa waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Chumba kilichofungwa nyumbani hakitofautiani sana na gereza kwa jambo hili. Mtu wa kukaa naye, kumpikia uji na kumsikiliza saa nane za usiku anafaa zaidi kuliko kufuli.

Kupunguza dozi polepole

Kwa mtu aliyetumia dawa kwa maagizo ya daktari, njia bora mara nyingi si kukata bali kupunguza. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unaeleza kwamba kwa waliotumia dawa mwaka mzima au zaidi, kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, huvumilika vizuri kuliko kupunguza haraka. Waliotumia kwa wiki au miezi michache wanaweza kwenda kasi zaidi, kwa mfano asilimia 10 kwa wiki. Mipango hii hupangwa pamoja na daktari, na mgonjwa anaruhusiwa kupumzika katika hatua moja kabla ya kuendelea.

Hesabu yake ina mtego. Tuchukue mgonjwa anayemeza vidonge 8 vya tramadoli vya miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 400. Akipunguza kidonge kimoja amepunguza asilimia 12.5 tu. Akifika vidonge 4 na kupunguza kimoja, amepunguza asilimia 25. Akifika vidonge 2 na kupunguza kimoja, amekata nusu ya dawa yote kwa siku moja. Kidonge ni kilekile, lakini pigo kwa mwili limekuwa mara nne. Ndiyo sababu wengi huenda vizuri hadi karibu na mwisho, kisha hushindwa ghafla na kujilaumu kwamba hawana nia. Hatua za mwisho zinapaswa kuwa ndogo na ndefu kuliko za mwanzo, na daktari au mfamasia anaweza kutafuta dawa ya maji au kidonge chenye kipimo kidogo zaidi. Vidonge vinavyotoa dawa polepole mwilini havivunjwi wala kusagwa, kwa sababu dozi ya saa 12 huingia yote kwa mara moja.

Kuzidisha dozi

Aliyezidisha dozi huonyesha mambo matatu pamoja: haamki hata akitikiswa na kuitwa, anapumua polepole sana au kwa kukoroma na kukatizakatiza, na mboni zake zimekuwa ndogo mno. Midomo na kucha huweza kubadilika rangi zikawa za kijivu au bluu. Kinachomuua ni kukosa pumzi, kwa hiyo dakika zina thamani. Msaada uitwe mara moja. Asiyepumua apewe pumzi mdomo kwa mdomo na anayejua kufanya hivyo, na anayepumua alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kumwagia maji baridi au kumnywesha maziwa hakusaidii na huweza kumpalia.

Naloksoni ni dawa inayoondoa afyuni kwenye vipokezi na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, pungufu ya dawa nyingi zilizomlaza mgonjwa, hivyo aliyeamka bado anapaswa kufikishwa hospitali. Kwa tramadoli naloksoni husaidia kwa sehemu tu.

Tiba ya kudumu

Tiba yenye ushahidi mwingi zaidi ni methadoni au buprenofini pamoja na ushauri nasaha. Zote mbili ni za jamii ya afyuni, na hapo huja lawama inayosikika kila mahali kwamba mtu amebadilishiwa tu dawa moja kwa nyingine. Lawama hiyo inasahau tofauti kati ya utegemezi na uraibu. Methadoni hutolewa mara moja kwa siku, kwa kipimo kinachojulikana, mbele ya muuguzi. Haimpandishi mtu na kumshusha mara nne kwa siku, nayo humwachia muda wa kwenda kazini. Wanaobaki katika tiba hii hufa kwa kiwango kidogo sana kuliko walioachishwa dawa na kurudishwa nyumbani. Naltreksoni, dawa nyingine inayozuia afyuni kufanya kazi, hupewa mtu aliyekwisha kumaliza arosto. Akipewa mapema humtupa katika arosto kali papo hapo.

Nchini Tanzania huduma ya methadoni ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke na baadaye mikoa mingine ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha pwani, na Zanzibar ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Huduma hizi ziliwekwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Mtu mwenye uraibu wa vidonge anaweza kuanzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au mkoa, ambako ataelekezwa. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako watu huishi pamoja miezi kadhaa bila dawa. Zanzibar zina historia ndefu. Ubora wake hutofautiana sana, na familia ina haki ya kuuliza kama kuna muuguzi, kama wakazi huruhusiwa kuondoka, na nini hufanyika arosto inapokuwa kali.

Historia ya janga Marekani

Mwaka 1980 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya sentensi tano ya Jane Porter na Hershel Jick. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa wamelazwa hospitali, walipatikana 4 tu waliopata uraibu uliothibitishwa. Barua haikusema lolote kuhusu watu wanaopewa vidonge kwenda kumeza nyumbani kwa miezi. Hata hivyo ilinukuliwa zaidi ya mara 600, mara nyingi kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Kwa mwalimu yeyote wa sayansi huu ni mfano mzuri, na wa kusikitisha, wa takwimu sahihi iliyojibu swali ambalo haikuulizwa.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, vidonge vya oksikodoni vinavyotoa dawa polepole, ikiwaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Watu waligundua kwamba kikisagwa kidonge hutoa dozi yote mara moja. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba iliitangaza dawa hiyo kwa njia ya kupotosha, na pamoja na wakuu wake 3 ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 600. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuzoea, na vidonge vilipopungua sokoni baadhi walihamia heroini, kisha fentanili iliyotengenezwa kwa siri. Mwanamuziki Prince, aliyefariki Aprili 2016, alikufa kwa fentanili. Uchunguzi ulionyesha kuwa huenda alimeza vidonge bandia akidhani ni dawa ya kawaida ya maumivu. Mwaka 2021 waliokufa Marekani kwa kuzidisha dawa za kila aina walizidi 100,000, wengi wao kwa fentanili.

Kisha pendulo likaenda upande wa pili. Madaktari wengi waliogopa na kuwakatia wagonjwa wao dawa kwa siku moja. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kukatisha ghafla kumeleta arosto kali, maumivu yasiyodhibitika na watu kujiua.

Hali barani Afrika na suala la mofini

Afrika Magharibi na Kaskazini tatizo kubwa limekuwa tramadoli, mara nyingi katika vidonge vyenye nguvu kupita kipimo kinachoruhusiwa, vinavyomezwa na vijana ili wahimili kazi ngumu. Mwaka 2018 Nigeria ilipiga marufuku uingizaji na utengenezaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya uchunguzi wa BBC kuonyesha zinavyouzwa kiholela. Tramadoli haimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mikataba ya kimataifa. Sababu mojawapo ni hofu kwamba ikidhibitiwa kama mofini, hospitali za nchi maskini zitabaki bila dawa ya maumivu makali.

Hofu hiyo ina msingi. Katika sehemu kubwa ya Afrika wanaokufa kwa saratani bila mofini ni wengi mno. Uganda ilitafuta njia yake: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilitumia mofini ya maji inayonywewa nyumbani, ambayo ni rahisi kutengeneza na gharama yake ni ndogo. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari hawakuwepo.

Wanaoumizwa zaidi na mkanganyiko huu ni wagonjwa wa selimundu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Maumivu yao huja ghafla, ni makali kama ya mfupa uliovunjika, na hayaonekani kwa macho. Kijana anayefika mapokezi usiku akiitaja dawa kwa jina na kipimo chake hushukiwa upesi kuwa mraibu, wakati anakijua kipimo hicho kwa sababu amelazwa mara kumi. Kliniki zinazowafuatilia vizuri humpa kila mgonjwa karatasi yenye mpango wake wa maumivu, uliosainiwa na daktari wake, aionyeshe zamu yoyote atakayoikuta.